Kipande cha Saba

Machi ya mwaka ule ukurasa wa Afisa Elinami Mshana ulianza kukwama, na Tusajigwe Mwambusye, fundi wa seva za Kitulo, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta yake kutafuta sababu.

Alikuwa peke yake, kama kawaida. Kituo kilijengwa juu ya uwanda kwa ajili ya baridi, maana mitambo haipendi joto, na joto lilikuwa limekwisha kula nusu ya nchi. Palikuwa na vyumba viwili vya kuishi, ukumbi wa mitambo inayonguruma usiku na mchana, uzio, na nje nyasi na ukungu mpaka macho yachoke. Gari la chakula lilipanda kila baada ya wiki mbili. Dereva alishusha magunia, akapokea sahihi, akageuza. Tusajigwe alikuwa na miaka arobaini na saba, hana mume wala mtoto, na huo ulikuwa mwaka wake wa nane pale. Siku moja, alipofungua mdomo kumsalimia dereva, sauti haikutoka. Ilibidi akohoe kwanza, kama mtu anayewasha jiko lililolala.

Kazi ya seva zile ilikuwa kurasa za waombaji. Tangu bahari ipande na visima vya pwani viingie chumvi, kila aliyetaka kuhamia nyanda za juu alijaziwa ukurasa wake kambini, na afisa wa Mamlaka ya Makazi Mapya, akiwa ofisini Njombe, aliufungua na kuamua. Zamani ukurasa ulikuja wote kwa mara moja: picha, vipimo vya hospitali, vyeti, maelezo. Kwa mtandao mwembamba uliobaki, ulichukua dakika nne kufunguka. Afisa alimaliza watu kumi na watano kwa siku, na huko kambini watu walikufa wakingoja zamu yao.

Dawa aliibuni Tusajigwe. Aliukata ukurasa vipande saba. Kiunzi kilitangulia, chepesi kama bua, kimebeba jina, picha ndogo, pointi za mwombaji na vitufe viwili: KUBALI na KATAA. Vipande vingine vilibaki kwenye seva, vikaja kimoja kimoja pale tu afisa aliposhusha kidole kuvitafuta. Na mwombaji akibadilisha neno, kilichosafiri ni kile kipande chenye neno hilo, basi. Ukurasa mwingine wote ulibaki ulivyo. Afisa mmoja akaanza kumaliza watu mia moja na kumi kwa siku. Tusajigwe alipewa cheti chenye jina lake limekosewa herufi mbili.

Siku ile ya Machi kilichokuwa kinamkwamisha Elinami kilikuwa kitu kidogo, antena iliyopigwa na upepo. Lakini katika kukitafuta, Tusajigwe alifungua kumbukumbu za seva, ambamo kila ombi la kipande huacha mstari wake. Akahesabu kwa miezi mitatu. Kiunzi kilikuwa kimeombwa mara elfu tisa mia nne na kumi na mbili. Kipande cha pili, picha kubwa, mara elfu mbili na kitu. Cha tatu pungufu. Cha nne pungufu zaidi. Cha saba, sifuri.

Kipande cha saba kilikuwa Maelezo ya Mwombaji.

Akadhani kimeharibika. Akakiomba yeye mwenyewe, kwa ukurasa wowote uliokuwa mbele yake, na kikaja hapo hapo, kizima, kimejaa maneno ya mtu. Kipande hakikuwa na ubovu wowote. Hakuna aliyekiomba.

Akampigia simu Elinami.

"Kaka Elinami, antena nimeshaiona, kesho utakuwa sawa. Ila hebu niambie kitu. Mara ya mwisho kusoma maelezo ya mwombaji ilikuwa lini?"

"Maelezo gani?"

"Yale ya chini ya ukurasa."

"Kwani kule chini kuna kitu?"

Tusajigwe aliwaandikia wakubwa. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, mstari mmoja: mfumo unafanya kazi kama ulivyosanifiwa. Ilikuwa kweli. Na msanifu alikuwa yeye.

*

Alianza kusoma ili aone ni kitu gani kilikuwa hakisomwi. Siku ya kwanza alisoma maelezo ya watu sita. Wa sita alikuwa mwanamke wa Kambi ya Nne, juu ya Lindi.

"Mheshimiwa, mimi ni Somoe binti Likwata, miaka sitini na mmoja. Nilikuwa mpishi wa shule ya sekondari kwa miaka thelathini na miwili, wanafunzi mia sita kila siku. Fomu yenu haina mahali pa mpishi, karani akaandika hana ujuzi. Siombi kwa ajili yangu. Pacha wangu Hemedi haoni tangu utotoni, na macho yake ni mimi. Mlimchukua miaka mitano iliyopita kwa fungu la walemavu, mimi mkaniacha, kwa kuwa fomu inauliza mume, mzazi na mtoto. Pacha haiulizi. Naomba nimfuate."

Tusajigwe aliijua kanuni ya kumi na nne: mtunzaji wa mtu asiyeona huongezewa pointi arobaini. Bi Somoe alikuwa na thelathini na moja, na mstari wa kukubaliwa ulikuwa hamsini. Haki yake ilikuwa imekaa pale, kwenye kipande cha saba, na angeipata siku yoyote ambayo afisa angeshusha kidole.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, mabadiliko ya kambini yalipoingia, kipande cha Bi Somoe kilikuwa kimeongezeka.

"Mheshimiwa, jana nimeona alama ya kijani, Imesomwa. Ahsante sana. Wenzangu walinicheka, eti mkubwa ana muda gani wa kusoma habari za bibi wa jikoni, nami nikawaonyesha alama, wakanyamaza. Basi kwa kuwa unasoma, nitakuandikia kidogo kila siku usije ukanisahau."

Tusajigwe aliyasoma maneno hayo amesimama, kikombe mkononi. Alama ile aliiweka yeye. Mwaka wake wa kwanza pale, mchana mmoja wa haraka, aliifunga kwenye kiunzi: mtu akifungua kiunzi, awe afisa au fundi, hata kwa bahati mbaya, alama inawaka. Ndiyo njia iliyokuwa rahisi. Alisema moyoni kwamba angeirekebisha baadaye, kisha baadaye ikawa miaka.

Bi Somoe aliandika kweli kila siku. Aliandika kwamba wamegawiwa maharage yenye wadudu, akayamwaga kwenye maji ya chumvi wadudu wakaelea, hakutupa hata punje. Aliandika kwamba jirani yake wa hemani anakoroma mpaka turubai linacheza. Aliandika kwamba utotoni Hemedi alikuwa akiijua mvua kabla ya watu wote, kwa pua, na baba yao alikuwa haaniki nguo kambani mpaka amuulize. Wakati mwingine aliuliza maswali.

"Mheshimiwa, ni kweli huko juu asubuhi nyasi huwa nyeupe kama zimemwagiwa unga?"

Tusajigwe alitazama dirishani. Ilikuwa mwezi wa tano, na sakitu ya kwanza, umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya majani, nyeupe, inang'aa.

"Kweli, mama," alisema kwa sauti ndani ya chumba kitupu. "Leo ni nyeupe tupu."

Akawa anaamka saa kumi na moja na nusu ili awe tayari. Akawa anachemsha chai mapema, anakaa, anangoja mstari mmoja utokee kwenye kioo kumwambia kwamba kipande cha saba cha ukurasa fulani kimebadilika. Aliusoma ujumbe mara mbili, akajibu hewani, akaendelea na kazi. Hakuandika kamwe. Ukurasa haukuwa na mahali pa jibu, na sheria ilimkataza fundi kuzungumza na mwombaji, na hizo ndizo sababu alizojipa.

*

Juni ilipofika katikati, awamu ya kuhamisha watu ilikuwa inakaribia kufungwa. Nafasi zilizobaki zilikuwa mia sita. Jina la Bi Somoe lilikuwa kwenye foleni ya Elinami ya wiki iliyofuata, na Tusajigwe alijua litakavyokuwa: kiunzi kitafunguka, thelathini na moja itaonekana kwa rangi nyekundu, kidole kitagusa KATAA. Wastani wa Elinami ulikuwa sekunde sita.

Akampigia.

"Kaka, kuna mwombaji mmoja nataka umsome. Wa Kambi ya Nne. Ana haki kabisa, kanuni ya kumi na nne."

"Dada Tusa, nina watu mia nne kabla ya Ijumaa."

"Ni dakika mbili tu."

"Kwa huyo, ndiyo." Alisikika akisukuma kiti. "Wewe umesoma maelezo ya wangapi?"

"Kama arobaini."

"Kati ya elfu tisa. Sasa nikimsoma huyo mmoja uliyempenda, wengine watasomwa na nani?"

Tusajigwe alitazama orodha ya foleni kwenye kioo.

"Mimi sikatai kusoma," Elinami aliendelea, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Nikisoma kila mtu nitamaliza ishirini kwa siku. Awamu itafungwa nafasi nusu hazijajazwa, na zisizojazwa hazirudi, unajua. Kuna mtu ana pointi sabini, figo zimekufa, anakunywa maji ya chumvi, atabaki huko mpaka Desemba kwa sababu mimi nilikuwa nasoma. Nichague yupi, aliyeandika vizuri au aliyepimwa vizuri? Niambie wewe uliyetengeneza, nitafanya hivyo."

"Sijui, kaka."

"Mimi si mtu mbaya."

"Najua."

"Basi usiniambie mambo kama haya saa za kazi."

Ufunguo wa Tusajigwe ulifungua kila kitu. Baada ya simu aliufungua ukurasa wa Bi Somoe, akafuta thelathini na moja, akaandika sabini na moja. Hakuna mtu angejua. Alikaa akiiangalia namba ile. Kisha, bila kuihifadhi, akafungua ukurasa uliofuata kwenye foleni na kukiomba kipande cha saba. Alikuwa mtu wa mashamba ya chumvi aliyeeleza kwamba mkewe amezikwa mahali ambapo maji yanafika sasa. Akafungua mwingine. Msichana aliyeandika sentensi moja: nimesoma mpaka kidato cha nne, naweza kuanza kazi leo. Mwingine. Mwingine. Mpaka kesho yake jua linapanda juu ya uzio alikuwa amewasoma sitini, na kila mmoja chini ya jina lake alikuwa na alama ya kijani.

Akairudisha thelathini na moja mahali pake.

*

Jumapili alivaa buti akatembea saa mbili kushuka mpaka Makazi ya Ishirini, ambako Hemedi Likwata alikuwa amepangiwa nyumba. Hakuwa amepanga atakachosema.

Mzee alikuwa kizingitini, kwenye kipande cha jua, amevaa sweta mbili, akichambua maua ya pareto kwa vidole: mazuri kwenye ungo, mabovu chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa hapa. Hatua zako ni za mtu aliyetoka mbali."

"Natoka kwenye mitambo, kule juu."

Vidole vya Hemedi vilisimama. "Kwenye kurasa?"

"Ndiyo."

"Basi karibu, karibu sana! Keti hapo, kuna kigoda." Uso wake wote ulikuwa umefunguka. "Umemleta Somoe?"

"Bado, mzee."

"Lakini anasomwa. Aliniambia kwa simu. Kambini wanapewa simu mara moja kwa mwezi, dakika tatu, na dakika nzima alikuwa ananieleza hilo: Hemedi, mkubwa ananisoma kila siku, hajaruka hata moja. Nikamwambia, basi tulia, dada yangu, mtu hawezi kukusoma siku zote hizo halafu akakuacha." Akacheka. "Anaandika nini huko? Najua anasema uongo kuhusu mvua."

Tusajigwe alimweleza. Aliyajua kwa moyo: maharage, jirani anayekoroma, nguo kambani. Hemedi alisikiliza huku kichwa kimeinama upande, na palipofika habari ya baba yao alitingisha mabega kwa kicheko mpaka maua yakamwagika.

"Kabisa! Ni yeye huyo. Na wewe ndiye mkubwa anayesoma?"

"Mimi ni fundi tu, mzee."

"Na mkubwa mwenyewe? Amefurahi na hiyo ya nguo?"

Hapo ndipo Tusajigwe alipaswa kusema. Alikuwa ametembea saa mbili, labda kwa ajili ya neno hilo moja. Mzee alikuwa amemgeuzia uso, anangoja, na mikono yake ilikuwa na nyufa za baridi kwa kuwa hakuna mtu wa kumpaka mafuta.

"Amefurahi," alisema.

Njia yote ya kurudi hakuinua kichwa.

*

Aliandika msimbo mpya siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Haukuwa mrefu. Kiunzi kingekuja kama zamani, na kitufe cha KUBALI kingekuja nacho. Lakini KATAA nacho alikigeuza kuwa kipande, cha nane, kisichokuja mpaka kipande cha saba kiwe kimefika na kimekaa kwenye kioo muda wa kutosha kusomwa. Kumkubali mtu bila kumsoma hakumdhuru yeyote, aliwaza. Kumkataa ndiko kunakodhuru. Na alama ya kijani aliitoa kwenye kiunzi, akaifunga mahali ilipostahili kuwa tangu mwanzo. Ingewaka tu kama afisa amesoma kweli.

Jumatatu saa mbili asubuhi aliuachia.

Alama zilizimika zote. Katika kambi kumi na moja za pwani, watu elfu tisa waliofungua kurasa zao asubuhi ile walikuta neno jipya la kijivu: Haijasomwa.

Saa tano Elinami alipiga simu.

"Umefanya nini, dada?"

"Unasoma?"

"Nasoma. Siwezi kukataa mtu bila kusoma, umenifunga mikono. Nimesoma kumi na wanane. Kumi na mmoja kati yao ningewakataa kwa makosa. Kumi na mmoja, Tusa. Mimi nimekaa kiti hiki miaka sita."

Alikata simu bila kuaga. Tusajigwe alishika meza kwa mikono miwili. Alidhani amefaulu.

Alichosahau ni maafisa wengine. Walikuwa wanne, wana hesabu ya kufikisha kila siku, na kitufe kimoja kilikuwa hakiji mpaka usome ukurasa mzima wa huzuni ya mtu, kingine kiko tayari chini ya kidole. Wawili kati yao walibonyeza KUBALI wakapita. KUBALI, KUBALI, KUBALI, yeyote aliyetokea mbele. Jumanne saa sita mchana nafasi mia sita zilikuwa zimekwisha. Awamu ilijifunga yenyewe, kama alivyoisanifu, na foleni yote iliyobaki ikasogezwa hadi Desemba.

Bi Somoe hakukataliwa. Hakukubaliwa pia. Hakufikiwa.

Mtu wa pointi sabini aliyetajwa na Elinami hakuwa mfano wa kubuni. Aliitwa Bakari Ngaweje, alikuwa wa Kambi ya Saba, na zamu yake ilikuwa Jumatano. Tusajigwe aliusoma ukurasa wake wote, kuanzia kiunzi mpaka chini. Kwenye kipande cha saba Bakari aliandika tu: vipimo vyangu viko juu, naamini vinatosha.

Jumanne jioni Mamlaka iliurudisha msimbo wa zamani na kuzifunga seva zisipokee mabadiliko ya fundi. Barua ilisema ufunguo wa Tusajigwe utakufa Jumatano saa tatu asubuhi, na gari litakuja.

Jumatano saa kumi na mbili alikuwa amekaa mbele ya kioo kama siku zote, chai imepoa. Mstari ulitokea. Kipande cha saba, Somoe binti Likwata, kimebadilika. Alikiomba.

Kilikuja kitupu. Miezi mitatu ya maneno, maharage na mvua na jirani, vyote vilikuwa vimefutwa, na kilichosafiri kutoka pwani mpaka Kitulo kilikuwa nafasi isiyo na herufi hata moja. Alikiomba tena, kwa kudhani ni mtandao. Kikaja tena vile vile.

*

Malori yaliyokwenda kuwachukua watu mia sita yalishuka pwani matupu, na Tusajigwe akaomba nafasi kwenye mojawapo badala ya kupanda gari la Mamlaka. Dereva alimtazama kama mwehu. Tangu aanze kazi hiyo hakuwa amembeba mtu wa kushuka.

Walikwenda siku mbili, kupitia Songea na Masasi. Hewa ilizidi kuwa nzito kila walipoteremka, na Tusajigwe alivua nguo moja baada ya nyingine mpaka akabaki na blauzi. Kambi ya Nne ilikuwa safu za turubai juu ya kilima, na chini yake maji ya kijivu yaliyosimama katikati ya minazi iliyokufa. Hakuhitaji kuuliza sana. Kila mtu alijua jiko lilipo.

Bi Somoe alikuwa mfupi kuliko picha yake ndogo. Alisimama juu ya tofali mbele ya sufuria iliyomfika kifuani, akisonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chakula saa saba."

"Sikuja kwa chakula. Nimetoka Kitulo. Naitwa Tusajigwe. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma."

Mwiko haukusimama. "Kusoma nini?"

"Maelezo yako. Kila asubuhi. Maharage uliyoyamwagia maji ya chumvi. Turubai linalocheza. Nguo kambani. Uliuliza kama nyasi huwa nyeupe asubuhi. Huwa nyeupe."

Sasa mwiko ulisimama. Bi Somoe alishuka kutoka juu ya tofali taratibu, goti moja kwanza, akaja akasimama karibu naye na kumtazama, muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama sahihi asiyoiamini.

"Alama ilisema hakuna aliyesoma."

"Alama ni ya maafisa. Maafisa hawakusoma. Mimi nilisoma, ila mimi si mtu wa kuamua."

"Siku ngapi?"

"Tisini na sita."

"Na mbona hukujibu?"

Tusajigwe alikuwa nazo sababu. Sheria ilikataza. Ukurasa haukuwa na mahali pa jibu. Alizipanga barabarani siku mbili nzima, na sasa mbele ya mwanamke huyu hazikutoka.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa kufukuzwa kazi?"

"Hapana, mama. Niliogopa ukijua kwamba ni mimi tu, ungeacha kuandika."

Moshi ulizunguka ukawapita. Bi Somoe alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ningeacha," alisema. "Siku hiyo hiyo ningeacha. Ningejua hakuna mtu, ningefunga mzigo wangu. Siku tisini na sita, binti, na haya magoti yangu mabovu, ningekuwa nimefika kwa miguu."

Akampa mgongo, akapanda tena juu ya tofali. Alisonga kimya mpaka ugali ukaanza kushika, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na Tusajigwe akabaki amesimama pale pale kwenye jua, hajaambiwa aondoke wala akae. Watu walianza kukusanyika na sahani zao. Wengine walimtazama, wengine hawakumtazama.

"Hemedi umemwona?" Bi Somoe aliuliza, bila kugeuka.

"Nimemwona."

"Amekonda?"

"Amekonda kidogo. Mikono yake imepasuka kwa baridi."

"Anavaa nini?"

"Sweta mbili. Ya juu ya bluu, imetoboka kiwikoni."

"Nani anamfulia?"

"Sijui, mama. Sikuuliza."

"Sema ulichoona," alisema Bi Somoe, na mwiko ukaendelea kuzunguka. "Anza alipokuwa ameketi. Usiruke kitu."